Ukisikia "sawa", usikate simu: mwongozo kamili wa kufikisha maneno yakafika

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mzigo mwingi hupatanwa bei kabla haujaonekana. Mnunuzi yuko mjini Mwanza, dagaa wako visiwani, Ukara au Kome, na katikati kuna simu, upepo wa ziwa na kijana wa mtumbwi ambaye naye kaambiwa na mwenzake. Mzigo ukishushwa ukawa siyo, kila mmoja anaapa kwamba alisema vizuri. Mara nyingi ni kweli, alisema vizuri. Ila hakuna aliyehakikisha mwenzake kasikia nini, na hapo ndipo hela zinapopotelea.

Nitafuata oda moja ya dagaa, toka kichwani mwa mnunuzi mpaka gunia linaposhushwa. Nimechagua dagaa kwa sababu kosa la mawasiliano kwenye dagaa unaweza kulipima kwa mizani. Kwenye ndoa au ofisini kosa ni lilelile, tofauti ni kwamba hakuna mizani.

Kabla ya hatua yoyote: jua kinachosafiri

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, alichapisha nadharia yake ya mawasiliano. Ndani yake kuna mchoro ambao wengi tumeunakili shuleni bila kuambiwa ni wa nani: chanzo cha ujumbe, kifaa cha kutuma, njia, kelele inayoingilia njiani, kifaa cha kupokea, na mwisho wa safari. Shannon alikuwa anashughulika na mitambo, na alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo lake la kihandisi. Yeye alitaka alama zilizotoka huku zifike kule zikiwa zilezile. Sisi tukachukua mchoro wake tukaupachika kwa binadamu, tukaanza kuamini kwamba simu ikisikika vizuri, basi tumeelewana.

Wilbur Schramm, mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, mwaka 1954 aliweka jambo ambalo mchoro wa Shannon haukuwa na haja nalo: watu wawili huelewana pale tu ambapo yale waliyoyapitia yanakutana. Chukua maneno "dagaa wazuri". Mamantilie wa Igoma akiyasema anawaza dagaa wa kichanja, waliokaushwa juu bila kugusa mchanga, maana mteja akitafuna akasikia mchanga unasaga menoni, kesho hali pale. Mfugaji wa kuku wa Kisesa akisema "dagaa wazuri" anawaza dagaa wakavu wasio na ukungu na wenye bei ya kubebeka. Mchanga kidogo haumkoseshi usingizi. Mama wa kisiwani akiambiwa "niletee wazuri" atachagua kwa kufuata mteja wake wa mwisho. Sauti imefika bila hata kukatika. Maana imetengenezwa upya kule kwa vifaa vilivyokuwepo kule.

Ukilishika hili, hatua zote zinazofuata zitakuingia zenyewe.

Hatua ya 1: Amua unataka nini kitokee

Kabla ya kubonyeza namba, jiulize: nikikata simu, huyu mtu afanye nini, lini? Kama huna jibu, usipige. Wengi hupiga wakiwa na kero tu, wakizungumza dakika kumi kuhusu mzigo uliopita, halafu wanashangaa kwamba oda mpya haikufanyika. Haikutamkwa.

Hatua ya 2: Salimia, na usikilize unachojibiwa

Kuna watu waliohudhuria semina mbili tatu wanaoona salamu ni kupoteza muda. Hawa ndio huingia kwa gia ya kwanza: "Mama, magunia yangu yako wapi?" Huku kwetu ukianza hivyo umeshagombana. Lakini achana na adabu kwa sasa, tutazame kazi ambayo salamu inafanya.

– Shikamoo mama.
– Marahaba baba, hujambo? Mmeshindaje huko mjini?
– Tumeshinda salama. Za huko kisiwani?
– Nzuri tu. Ila upepo, siku ya tatu leo. Na mjukuu anaumwaumwa.

Muda wote huo umejaribu mtandao na kuona unashika. Umejua anayeongea ni mama mwenyewe, hajampa mtoto simu. Umejua wavuvi hawajaingia ziwani kwa siku tatu, kwa hiyo mzigo huenda ni haba na bei imepanda. Na umejua akili yake iko kwa mjukuu, kwa hiyo leo mambo sita hayataingia. Yote hayo kabla hujataja dagaa. Anayeruka salamu anaruka taarifa.

Kama unampigia mzee wa Magu au Misungwi na unajua japo salamu ya Kisukuma, "mwadila" au "mwangaluka", itumie hata ukiitamka vibaya. Ila angalia saa: "mwangaluka" ni ya asubuhi.

Hatua ya 3: Chagua njia inayobeba ulicho nacho

Jambo lenye ubishi, deni au lawama, nenda mwenyewe ukiweza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Sengerema hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Jambo lenye namba, andika meseji. Jambo la kubembeleza, piga. Voisi ya dakika nne ni njia mbaya kuliko zote kwa oda: msikilizaji hawezi kurudi kutafuta lile neno moja analolihitaji, na akiwa kwenye daladala hataifungua kabisa.

Mara nyingi jibu ni njia mbili kwa pamoja. Piga mkubaliane, kisha tuma meseji fupi yenye yale mliyokubaliana. Shannon mwenyewe alionesha kwamba dawa ya kelele ni kurudia kwa mpango, yaani kuongeza alama za ziada ili zikipotea baadhi, zilizobaki zitoshe kujua ilikuwa nini. Meseji baada ya simu ndiyo hizo alama za ziada.

Na tusidharau kubipu. Bipu moja nimefika, bipu mbili nipigie: hakuna neno lililotamkwa, hakuna senti iliyokatwa, na ujumbe umeeleweka kabisa, kwa sababu mlikubaliana mapema alama ina maana gani. Sharti ni hilo tu. Bipu kwa mtu msiyekubaliana naye chochote ni usumbufu.

Hatua ya 4: Namba, siku, saa na vipimo

Hapa nitakaa, maana nusu ya ugomvi wa mwaloni unaanzia hapa.

*Namba.* Simu za mfumo wa kawaida hupitisha sehemu tu ya sauti ya mtu, takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sauti kama s na f zina nguvu nyingi juu ya hapo, kwa hiyo hufika zimefubaa. Sasa tazama Kiswahili kilivyotupangia: sitini, sabini, tisini. Yote yanaishia vilevile, na sitini na tisini zimebadilishana herufi mbili tu. Ongeza mlio wa injini ya mtumbwi, na elfu sitini imeshakuwa elfu tisini. Dawa yake ni kutaja tarakimu moja moja baada ya jumla: "Sitini. Sita, sifuri." Usiseme "sitini, sitini, sitini" kwa sauti ya juu zaidi, kinachopotea ni kilekile kila mara.

*Fedha.* Wafanyabiashara humeza neno "elfu". "Themanini" ni elfu themanini, na kila mtu wa mwaloni anajua. Mgeni hajui. Na "elfu ishirini na tano" kwa masikio ya mtu makini inaweza kuwa 25,000 au 20,005. Sema "ishirini na tano elfu", na kwenye meseji andika tarakimu zote.

*Saa.* Ukiandika "saa 2", mama wa kisiwani atasoma saa mbili, ile ya baada ya jua kuchomoza. Mwanaye anayetazama saa ya simu atasoma 2:00, ambayo kwetu ni saa nane. Taja kipande cha siku kila mara: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku. Ni neno moja tu la nyongeza.

*Siku.* "Usiku wa Ijumaa" ni mtego. Wapo wanaohesabu usiku kuwa unatangulia mchana wake, kwa hiyo kwao huo ni usiku wa Alhamisi unaokucha Ijumaa. Wengine kwao ni Ijumaa yenyewe jua likishazama. Dagaa huvuliwa usiku, kwa hiyo kosa la usiku mmoja ni kosa la mzigo mzima. Sema "usiku wa kuamkia Ijumaa", utakuwa umemaliza. Na "Jumamosi ijayo" iache kabisa; taja tarehe.

*Vipimo.* Gunia lipi? Lililoshonwa mdomoni au lile la lumbesa lenye kilemba? Ndoo ya lita 20 iliyopigwa usawa au yenye kichwa? Kama kuna mizani, agiza kwa kilo. Kama hakuna, tuma picha ya gunia unalolitaka likiwa limesimama kando ya mtu.

Halafu usimwage kila kitu kwa pumzi moja. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili ya mtu hushika kwa muda mfupi vitu saba hivi, kuongeza au kupunguza viwili. Watafiti wa baadaye wameshusha hadi vinne. Kwa simu yenye kelele mimi nashauri vitatu: kiasi, aina, siku. Bei na usafiri viwe kwenye mkupuo wa pili.

Hatua ya 5: Itikia, na mwachie mwenzako zamu

Kwa Waswahili kusikiliza kuna sauti. "Eeh… enhe… mmh… ehee." Ukinyamaza sekunde tatu kwenye simu, mwenzako ataacha habari yake na kuuliza, "Halo, upo?" Viitikio hivyo vinamwambia aendelee, kwamba bado mko pamoja. Havimwambii kwamba umekubali. Watu wa mjini waliozoea haraka huchanganya: wanasikia "eeh, eeh" ishirini wanadhani wamekubaliwa ishirini.

Kuhusu zamu: watafiti waliolinganisha lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia walichapisha mwaka 2009 kwamba pengo kati ya swali na jibu katika mazungumzo ya kawaida ni fupi mno, wastani wa kama moja ya tano ya sekunde. Maana yake msikilizaji anaanza kuandaa jibu wakati wewe bado unaongea. Ndiyo maana mtandao ukichelewesha sauti kidogo tu mnaanza kugongana: "Sema wewe." "Hapana, sema wewe." Ikitokea hivyo, mmoja amalize sentensi kwa kumtaja mwenzake jina, "…magunia kumi, mama," kisha anyamaze kabisa. Kuitwa jina kunamkabidhi zamu.

Hatua ya 6: Soma kisichotamkwa, lakini usijifanye mganga

Umeuliza, "Dagaa wapo?" Umejibiwa, "Na mbalamwezi hii?" Hakuna "hapana" hapo, wala hakuna asiyeelewa. Dagaa huvutwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kinachotuwezesha kufanya hivyo: kila mmoja anachukulia kwamba mwenzake anajitahidi kusema kinachohusika, cha kweli, cha kutosha na kwa uwazi. Jibu likionekana limekwenda pembeni, tunatafuta njia ya kulirudisha kwenye swali. Mtu asiyelijua ziwa atabaki pale pembeni. Kwa mnunuzi mpya kutoka Dodoma, sema "hapana" yenye herufi zote.

Sasa zile asilimia. Utasikia kwenye semina kwamba mawasiliano ni asilimia 7 maneno, 38 sauti na 55 mwili. Namba hizo zinatokana na kazi za mwaka 1967 za mwanasaikolojia Albert Mehrabian, ambaye alikuwa anachunguza jambo finyu: mtu akitamka neno moja kwa sauti au sura inayopingana nalo, msikilizaji ataamini kipi kuhusu hisia zake. Mehrabian mwenyewe amekataa zitumike kwa mawasiliano yote. Na hata bila yeye, zima sauti ya taarifa ya habari uone kama utabakiwa na asilimia 93.

Ushauri mwingine wa semina wa kutilia shaka ni "mtazame mtu machoni". Kijana wa Kisukuma aliyelelewa kijijini, akiongea na mzee, huinamisha macho, na binti anaposalimia hupiga goti. Ukimhukumu kwamba anaficha kitu umejidanganya mwenyewe. Cha kutazama ni mabadiliko: mtu aliyekuwa anaongea kwa kujiachia, ukitaja tarehe akaanza kujibu kwa neno moja moja, hapo kwenye tarehe pana jambo. Muulize habari ya tarehe. Usimuulize habari ya macho yake.

Hatua ya 7: Rudishiwa ujumbe wako

Kama utachukua hatua moja tu hapa, chukua hii.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia kukiwa na ukungu. Walikufa watu 583. Rubani msaidizi wa KLM alikuwa ametamka kwenye redio maneno yasiyoeleweka vizuri kama wako tayari kuruka au wameshaanza. Mwongoza ndege akajibu "OK", kisha akaongeza wasubiri. Sekunde hiyohiyo marubani wa Pan Am nao waliongea kusema bado wako njiani, mawimbi yakagongana, na kwa KLM likafika "OK" tu likiwa wazi. Ndani ya KLM kulikuwa na mhandisi aliyeuliza kama ile Pan Am imeshatoka. Rubani mkuu, mtu mwenye cheo kikubwa katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia swali.

Tazama vitu viwili. Kwanza "OK", ndugu yake "sawa". "Sawa" inaweza kuwa nimekusikia, nimeelewa, nimekubali, au naomba tumalize simu hii vocha inaisha. Pili ile kelele ya cheo, ambayo ni mbaya kuliko ya injini. Kibarua hawezi kumwambia tajiri "sijaelewa". Mgonjwa hamwambii daktari. Ukiuliza "Umeelewa?" jibu ni "ndiyo" kabla swali halijaisha, kwa sababu "hapana" ingekuwa kujitangaza mjinga.

Baada ya ajali ile taratibu za anga zilikazwa: maelekezo ya kuruka hurudiwa kwa maneno yake, hayajibiwi kwa kuitikia tu. Kwa simu ya dagaa fanya hivyohivyo, ila beba aibu wewe:

– Mama, kabla hatujaagana, naomba unirudishie oda. Huenda mimi ndiye nimeeleza ovyo.
– Magunia kumi, ya kichanja, yapande boti ya kesho.
– Magunia na kichanja ni hivyo hivyo. Boti ni ya Jumamosi, tarehe 14.
– Ahaa! Mimi nilishika kesho.
– Basi nirudishie tena hapo kwenye siku.

Hukumtahini. Umeikagua kauli yako mwenyewe, na yeye hana cha kuona aibu. Dirisha la dawa nalo linahitaji hivyo: badala ya "umeelewa mama?", muuguzi aseme "ukifika nyumbani, utazimezaje hizi?" Atashangaa ni mara ngapi "1x3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, inageuka kuwa vidonge vitatu kwa mpigo.

Mwenzako akirudisha kwa maneno yako yaleyale bila kubadili hata moja, bado usitulie; kasuku pia anaweza. Uliza kitu kimoja kinachotokana na oda: "Kwa hiyo gari nilete mwaloni siku gani?"

Hatua ya 8: Rekebisha mapema, na kwa swali linalobana

Kutoelewana ni sehemu ya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima mazungumzo ya kawaida katika lugha 12, ulikuta watu husimamishana kuomba ufafanuzi mara moja kwa kila dakika moja na nusu hivi. Kama umeongea na mtu nusu saa bila yeye kukuuliza lolote, jihadhari.

Kuna namna tatu za kuomba kurudiwa. Ya kwanza ni "Eeh?" au "Ati?", ambayo inamwambia mwenzako umekosa kitu bila kusema kipi, kwa hiyo anarudia yote kwa sauti ya juu. Ya pili inabana: "Magunia mangapi?" Ya tatu inabana zaidi, unamwekea jibu alithibitishe: "Umesema kumi, siyo kumi na mbili?" Utafiti huohuo ulikuta watu huelekea kutumia ile inayobana kadiri walivyoweza kusikia. Fuata hivyo. "Ati?" itumie tu pale ambapo kweli hujaambulia kitu.

Mzigo ukifika siyo, anza na ulichoshika wewe, usianze na alichokosea yeye: "Mama, kwangu nilikuwa nimeandika kichanja, humu naona mchanga. Kwako iliandikwaje?" Fungua ile meseji ya hatua ya 3 mkiwa bado kwenye simu, muisome pamoja. Kama meseji inasema kichanja, mjadala ni wa bei ya kufidia. Kama inasema "dagaa wazuri" peke yake, gharama gaweni, kisha mkubaliane hapohapo neno "wazuri" litakuwa na maana gani kwenye oda ijayo, na liandikwe.